Mwaka Watani Walipoitiwa Polisi

Niseme mapema: mtu akimgusa rafiki yangu, mimi kichwa hakikai sawa. Wanaonijua wanajua. Kwa hiyo ukiona mahali nimepaza sauti humu, jua nilipaza kweli, na ukinirudisha pale nitapaza tena.

Sherehe yenyewe inaitwa Siku ya Kijerumani. Inaandaliwa na shule moja ya sekondari hapa Kibiti, kila mwaka, na ilianza mimi nikiwa bado natambaa. Alikuja mwalimu Mjerumani, mtu wa kusini kwao, huko kwenye milima, akafundisha lugha yake na akataka wanafunzi waone wanavyosherehekea mwezi wa Mei. Wanasimamisha mti mrefu, wanauzungushia rangi ya bluu na nyeupe, juu wanafunga shada la majani, tepe zinaning'inia, vijana wanacheza wakiuzunguka. Chini ya mti watu wanakula soseji na kunywa bia.

Sasa hayo yalete Kibiti. Bia ilikufa kwenye kikao cha kwanza cha wazazi. Soseji nazo, mzee mmoja aliuliza ni nyama gani, mwalimu kwa ukweli wake wote akajibu, basi, zikazikwa hapo hapo. Mwaka wa pili zikawa za ng'ombe, wa tatu zikawa mishikaki, na mishikaki haijatoka mpaka leo. Mei nayo ikashindikana. Mei kwetu ni masika, ukitoka barabara kuu kuelekea delta unaacha kiatu kwenye tope. Sherehe ikahamia baada ya mavuno ya mpunga, na Ramadhani ikiikaribia inasogezwa tena. Tepe zikawa vipande vya kanga. Mti wa kwanza ulikuwa mvinje uliokatwa nyuma ya ofisi, mchwa wakaumaliza. Tangu hapo watu wa Mbuchi, kijiji cha huko delta, wanaleta msinzi, ule mkoko ulionyooka, unakuja kwa boti, unapandishwa lori, na shule inachukua kibali cha misitu maana mikoko haikatwi ovyo. Kinanda cha mwalimu kilipokufa, ngoma ikaingia. Mwalimu mwenyewe alikuwa anacheka tu. Alirudi kwao, akaja mwingine, akaondoka, sasa Kijerumani anafundisha dada mmoja wa Tanga, sisi wote tunamwita madam.

Kuna miaka ya hofu ilipita hapa kwetu, anayeijua anaijua. Miaka ile haikufanyika kabisa. Iliporudi, watu walijaa kuliko zamani.

Lakini kilichoifanya ikae siyo mti. Ni mti kuibiwa.

Ilikuwa hivi. Mwalimu yule wa kwanza alilieleza darasa kwamba kwao, kijiji jirani kikiuwahi mti kabla haujasimamishwa, kinauiba. Wenye mti wanakwenda kuukomboa kwa chakula na vinywaji. Na kumwitia polisi mwizi wa mti, akasema, ni aibu ya kijiji kizima. Darasa likatazamana. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kumbe na nyinyi mna watani?"

Maana sisi Wandengereko wa delta na Wamatumbi waliotoka vilima vya kusini wakajenga hapa Kibiti ni watani. Mtani anaweza kuja msibani kwako, akalishika jeneza, akasema maiti haitoki mpaka apewe jogoo. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unatozwa. Basi mwaka ule ule Wamatumbi wakauiba mti. Tukaukomboa kwa pilau na juisi ya ukwaju, na tangu siku hiyo hakuna Siku ya Kijerumani bila wizi.

"Babu zetu walipigana na Mjerumani mpaka wakaisha," bibi yake rafiki yangu husema. "Sisi tumeamua kumwibia mti. Tunapumzika."

Huyo rafiki yangu ni Mmatumbi, fundi wa kuchomelea, karakana yake iko ng'ambo ya barabara, mkabala na shule. Tumekua pamoja, tumeugua surua pamoja, tumefukuzwa madrasa siku moja. Mimi shule niliishia darasa la saba. Kijerumani nimejifundisha mwenyewe, kwa simu na kwa kuwasumbua wanafunzi waninyooshe. Kwa sababu mdomo ninao, nikafanywa mshereheshaji, na kwa sababu mama yangu ni wa Mbuchi, mimi ndiye nakwenda kujadiliana na wezi. Mwizi mkuu ni yeye. Tunatukanana mbele za watu mpaka akina mama wanajishika mbavu, halafu tunakula.

Mwaka huu akaja mkuu wa shule mpya, amehamishwa kutoka mbali. Mtu wa kazi, shati limepigwa pasi. Kwenye ratiba aliyoikuta mezani imeandikwa kusimamisha mti, ngoma, hotuba, chakula. Kuibiwa hakujawahi kuandikwa popote. Nani anaandika wizi kwenye ratiba?

Alhamisi Wamatumbi wakaialika shule mechi ya kirafiki. Hapo tu ningejua. Shule nzima ikahamia uwanjani, walimu, wapishi, mpaka mlinzi. Kipindi cha pili kipa wao, huyo huyo rafiki yangu, akaanguka akishika goti, akatolewa amebebwa, anapiga yowe kama mjamzito. Goti zima lile! Tuliporudi shuleni, mti haupo. Kuna alama za magurudumu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tu kwenye mchanga.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Usiku ule nikalala nikitunga matusi ya kwenda nayo asubuhi.

Asubuhi ya Ijumaa nafika karakana, nimevaa kanzu ya ujumbe kabisa, namkuta bibi yake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono shavuni. Mashine ya kuchomelea imezimwa. Mti haupo, na rafiki yangu hayupo.

"Shikamoo bibi. Mwizi wako yuko wapi?"

"Marahaba. Kwani hukuwatuma wewe?"

"Niliwatuma akina nani?"

Bibi akanitazama vizuri. Ndipo nikaona hachezi.

"Wamekuja askari na gari. Mjukuu wangu akacheka, akasema mwaka huu watani wametumia nguvu kubwa, wamekodi mpaka nguo za askari. Wakamuuliza, mti huu umeuiba wewe? Akasema, nimeuiba mimi, kwa mikono hii, na mwakani nauiba tena, na bila mbuzi hamuupati. Akajipandisha garini mwenyewe, baba. Akawapungia watoto mkono." Akashusha mkono kutoka shavuni. "Gari lilivyokata kona ndio nikaiona namba yake. Ni la kweli."

Sikumbuki nimefikaje kituoni. Nakumbuka kanzu nimeikunja mpaka magotini na watu wa bodaboda wananiita, siitiki.

Rafiki yangu alikuwa kwenye benchi nyuma ya kaunta. Wamemvua mkanda na viatu. Aliponiona akatabasamu mpaka magego.

"Oya! Mwaka huu mmejipanga," akasema. "Huyu afande mmemtoa wapi? Anaigiza mpaka naogopa."

Askari wa kaunta hakucheka. Alikuwa mtu mzima, amechoka. "Unamjua huyu?"

"Ni rafiki yangu, afande."

"Rafiki yako ana matatizo? Tangu ameingia anacheka. Namuuliza kama anaelewa anachokisema, ananijibu hasemi zaidi mpaka pilau iive. Amekiri mbele ya mashahidi, na amekiri na wizi wa mwakani ambao hajaufanya. Nimeandika vyote."

"Afande, yafute hayo."

"Niyafute?"

"Ni utani! Hawa ni watani zetu, kila mwaka wanauiba huu mti!"

"Kila mwaka," akarudia, akaishika kalamu.

Nikafunga mdomo. Nilikuwa namwongezea mwenzangu makosa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Askari akashusha sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha, maana alikuwa ananisaidia. "Sikiliza kijana. Wizi ni moja. La pili, ule ni mkoko. Kibali ni cha shule, umekutwa kwake, na kwake hakuna kibali. Mlalamikaji ni mkuu wa shule. Leo Ijumaa. Asipokuja kuondoa malalamiko yake leo, huyu anakaa hapa mpaka Jumatatu aende mahakamani, na watu wa misitu watakuwa wameshasikia. Hapo mimi sina tena la kufanya."

Nikamgeukia rafiki yangu. Bado anacheka, anatikisa miguu.

"Mwana," nikamwambia, "hawa siyo wetu."

"Siyo wenu vipi?"

"Mkuu wa shule kawaita. Ni polisi kweli. Uko ndani kweli."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilimtoka kidogo kidogo. Akamtazama askari, akatazama miguu yake isiyo na viatu, kama ndiyo kwanza ameiona. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu udogo: "Bibi anajua?"

Hapo ndipo nilipoipiga kaunta. Nilipiga kwa kiganja, nikapiga tena, nikasema maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu ya mama yangu. Askari akasimama.

"Ukiipiga tena hiyo, benchi ni hilo hilo. Mtakaa wawili."

"Niwekeni! Fungueni nikae!"

"Toka nje." Siyo askari aliyesema. Ni yeye, rafiki yangu. "Toka, we bwege. Tukiwa humu wote wawili nani atatusemea? Nenda."

Nikatoka. Uani kwa kituo nikauona mti, umelala kwenye jua, rangi ya bluu imeishia katikati. Nikaupita kama nimepishana na mtu niliyegombana naye.

Ofisini kwa mkuu sikubisha hodi. Alikuwa na madam, wana ramani ya viti vya wageni. Kesho yake mgeni rasmi anakuja, na wanafunzi wa shule rafiki ya Ujerumani walikuwa tayari njiani kutoka Dar.

"Nani amekuruhusu kuingia?"

"Umemfunga mtu asiye na kosa!"

"Aliyekiri?"

"Alidhani anacheza na sisi! Mkuu, mti ule lazima uibiwe!"

Akavua miwani. "Kijana. Mti umeingia kwa kibali, na saini kwenye kibali ni yangu. Nimerudi nimekuta haupo. Kesho nina mgeni wa serikali na wageni wa nje. Wewe ungefanyaje?"

"Ningecheka."

"Ungecheka."

"Halafu ningepika!"

Madam akainama, akajifanya anatafuta kalamu.

"Kwani kwenu hakuna watani?" nikamuuliza.

"Wapo. Wanatutukana misibani. Hawachukui mali ya shule."

"Mti ulikuwa umelala nje kama mbuzi, nani asingeuchukua? Hao Wajerumani wenyewe ndio wenye hiyo mila! Kwao ukimwitia polisi mwizi wa mti unachekwa mpaka unahama!"

"Ni kweli, mkuu," madam akasema taratibu. "Ndivyo aliyeianzisha alivyofundisha. Ni sehemu ya sherehe."

Mkuu akamgeukia. "Kwa hiyo wewe ulijua mti utaibiwa."

"Nilidhani unajua."

"Na makamu?"

"Alidhani umeambiwa."

"Na wewe?" akaniuliza mimi.

Mimi ninayesema na kila mtu, mpaka na kuku, sikuwahi kupita pale ofisini kumwambia mtu mgeni jambo moja. Hakuna aliyemwambia, maana kwetu hilo ni kama kumwambia mtu jua litachomoza.

"Kila mtu alidhani najua," mkuu akasema. Akaketi. Hasira yake ilikuwa imeondoka, na nikaona kilichokuwa chini yake. Aliogopa. Hata miezi mingi hana hapa, kajikuta peke yake kwenye shule tupu, mti haupo na saini ni yake.

Nje adhana ya Ijumaa ikaanza. Nikawa nahesabu muda kwa roho: swala, chakula, halafu ofisi zinaanza kufungwa moja moja.

"Nitakwenda kituoni," akasema hatimaye. "Nitawaeleza kibali kinauhusu mti ule na mimi sina malalamiko. Lakini nataka neno. Mti hauibiwi tena katika shule hii. Mwakani wala mwaka mwingine wowote nikiwa hapa. Nataka neno lako kwa niaba ya watu wa delta, na la wazee wa Wamatumbi kwa upande wao."

Nilikubali kabla hajaweka nukta. Madam akaniangalia kama mtu aliyeniona nikiuza shamba la ukoo. Na aniangalie. Ningeuza na ngoma na mishikaki. Nikampigia bibi wa rafiki yangu simu, maana kwa Wamatumbi wa hapa neno lake ndilo la wazee, nikamweleza. Upande wa pili nikamsikia anafukuza kuku kwanza.

"Mwambie nimekubali," bibi akasema. "Mti utaota mwingine."

Mkuu alikwenda baada ya swala. Mimi nikasimama nje ya geti la kituo, maana ndani nilishakatazwa. Walikaa humo mpaka nikaanza kuwaza mabaya. Kila mlango ukifunguka anatoka mwingine. Mkuu akatoka, akapanda bodaboda, akaondoka bila kunitazama. Na rafiki yangu bado hajatoka. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshavuka barabara ndipo nikamwona anakuja, viatu mkononi, mkanda begani, anatembea kama anapima ardhi.

Nikataka kumkumbatia, akanizuia kwa kiganja.

"Mmetoa nini?"

"Umetoka, achana nayo."

"Nimekuuliza mmetoa nini."

Nikamwambia.

Akavaa viatu pale pale, kimoja kimoja. "Kwa hiyo mti hauibiwi tena, kwa ajili yangu. Watoto wakiuliza ulikufaje huu mchezo, watatajiwa mimi."

"Ulitaka nikuache mpaka Jumatatu?"

"Sijui nilitaka nini," akasema. Akavuka barabara. Hakuaga.

Jumamosi watu walikuja, lakini haikuwa sherehe. Mti umerudishwa alfajiri, umesimamishwa, rangi imeishia nusu. Wageni wa Ujerumani wameketi mstari wa mbele na mafuta ya jua puani. Watu wa Mbuchi wako ndani. Wamatumbi wako nje ya uzio, wamesimama, mikono kifuani, hawaingii wala hawaondoki. Askari yule wa kaunta kaja na msafara wa mgeni rasmi, kasimama nyuma ya kiti. Mimi nimeshika kipaza sauti, natafsiri Kiswahili kwenda Kijerumani, maneno yanatoka kama bomba lenye kutu. Hata mama yangu alinikonyeza: una nini?

Nikawa katikati ya kumkaribisha mgeni rasmi. Nikahisi ardhi inaondoka. Mtu kanishika kwapa, mwingine kwapa la pili, wawili miguu, na nikainuliwa juu juu kama gogo. Kipaza sauti kikaanguka. Mimi mtu wa hasira, nikarusha teke, nikampata mtu bega, nikasikia: "Tulia, mzigo haupigi teke!" Nikainua kichwa. Kwenye mguu wa kulia ni yeye.

"Mliahidi!" nikapiga kelele.

"Tuliahidi mti," akasema, anahema. "Mtu hatukuahidi."

Nje ya uzio wakalipuka kwa vigelegele. Ndani, kimya. Ngoma imenyamaza. Mimi nimebebwa kichwa kikining'inia, naona kila kitu kimepinduka: askari kasogea hatua moja, anamtazama mkuu. Watu wa Mbuchi wanamtazama mkuu. Nikahisi vidole vya rafiki yangu vinanibana kifundo cha mguu, vinabana mpaka vinauma. Na yeye alikuwa anamtazama mkuu. Hakukimbia. Alisimama pale getini, kanishika, anasubiri aone ni kipi kinakuja.

Mkuu akainuka kwenye kiti chake. Akatembea taratibu, akaokota kipaza sauti, akakifuta vumbi kwenye shati lake lile lililopigwa pasi. Akakigonga.

"Wanadai nini?"

"Mbuzi!" wakajibu wa nje. "Mbuzi na pilau!"

"Kwa huyu?" Akaninyooshea kidole, nikining'inia. Akawaza. "Kaeni naye."

Sekunde moja hakuna aliyeamini. Halafu kicheko kikatoka Mbuchi, kikatoka kwa Wamatumbi, mgeni rasmi akashika tumbo, madam akawatafsiria wageni na wao wakapiga meza. Mkuu hakutabasamu hata kidogo. "Sherehe iendelee," akasema. "Leo angalau tutaisikia ngoma."

Nikavushwa barabara nikitukana. Wakanibwaga karakana, juu ya mabati. "Kaeni naye? Mimi? Mimi niliyemlilia ofisini?"

"Mtani hakasiriki," bibi akasema kutoka kwenye ndoo yake. "Ukiendelea unadaiwa kuku."

Rafiki yangu akakaa chini, akaegemea mtungi wa gesi, na akacheka. Hicho ndicho kicheko nilichokifuata tangu Ijumaa, nikakiacha kinipige kinavyotaka. Ng'ambo ya pili spika zilikuwa zinaleta sauti ya mkuu anasherehesha mwenyewe, anasoma ratiba kama anaita mahudhurio ya darasa. Aibu tupu. Tukamsahihisha kwa kelele kutoka huku, hatusikiki.

Tulikaa mpaka alasiri, hakuna aliyekuja kunikomboa. Tulikuwa tunaongea vizuri tu, kama siku zote, isipokuwa jambo moja. Rafiki yangu alikuwa amekaa upande wa barabara, na gari lolote likipunguza mwendo pale mbele, sentensi yake ilikatika, shingo ikageuka, akalisubiri mpaka lipite. Halafu anauliza: "Nilikuwa nasemaje?" Namkumbusha. Likija lingine, vile vile.

Mwishowe moja halikupita. Ni kirikuu, limesimama kwenye vumbi lake. Akasimama wima, mkono umeshika mlango wa karakana. Nikasimama na mimi, nikaenda kusimama mbele yake, mgongo wangu kwenye kifua chake, nikanyoosha shingo nitazame nani anashuka.

Alishuka mkuu, kaikumbatia sufuria kwa kitambaa, shati limeharibika lote kwa mafuta ya pilau.

"Mbuzi sijapata," akasema. "Mtanielekeza anauzwa wapi."